Mishono ya Bi Mwakani

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikaa mkobani. Karakanani aliitwa Bi Mwakani, na jina hilo alijipatia kwa ulimi wake mwenyewe. Kila mwaka, tangazo la mtihani wa ufundi lilipobandikwa kwenye geti la chuo, lazima mtu amuulize, "Vipi, safari hii unakwenda?" Naye hujibu, "Aa, mwaka huu nimebanwa. Mwakani." Alilisema mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na minane. Sasa alikuwa na thelathini na tisa, mvi zilishaanza kumchungulia kwenye paji la uso, na wenzake walishasahau kwamba jina lile lilianza kama utani.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Na wala hakuwa fundi wa kubahatisha. Mshono wake ulilala juu ya chuma kama magamba ya samaki, gamba juu ya gamba, hakuna lililomzidi mwenzake. Wanaume sita wa karakana ile walicheka hadi wakashika mbavu siku alipoingia mara ya kwanza na aproni ya ngozi inayomfika miguuni. Hao hao, kazi ikiwa ngumu, ndio waliokuwa wanamwita: "Bi Mwakani, hebu njoo utuokoe hapa."

Lakini hakuwa na namba.

Mambo ya namba ni hivi. Fundi aliyefaulu mtihani hupewa cheti, na pamoja na cheti hupewa muhuri mdogo wa chuma wenye namba yake. Akimaliza mshono kwenye kazi kubwa, tangi au ngazi au daraja la waenda kwa miguu, anaugonga muhuri ule kando yake kwa nyundo. Namba inabaki hapo maisha. Mshono ukipasuka, anajulikana wa kuulizwa. Ukidumu, anajulikana wa kusifiwa. Asiye na namba anaruhusiwa kuchoma mageti na madirisha. Kazi kubwa, kwa sheria, haimhusu.

Kwa sheria. Ila sheria nayo ilikuwa na mlango wa uani, na aliyepitia mlango huo aliitwa Bwana Sahihi.

Bwana Sahihi alikuwa na namba arobaini na moja. Alikuja karakanani kazi ikishakamilika, viatu vya kahawia vimepigwa rangi mpaka unaona meno yako, na mfukoni muhuri wake umefungwa kwenye leso. Alilizunguka tangi mara moja akilibonyezabonyeza kama mtu anayenunua papai. Kisha aliinama: ngo, ngo. Nne. Moja. Akamgeukia Bosi, mwenye karakana, hakumgeukia aliyechoma, akasema, "Kazi nzuri." Akaondoka na bahasha.

Bi Mwakani hakusahau hata mshono mmoja. Akitoka nyumbani kwenda kazini alipita chini ya tangi la hospitali: wake, wa mwaka wa tatu, aliuchoma akiwa na homa. Alipanda daraja la kuvuka barabara kuu: wake, ngazi ya kumi na nne kuna mahali mkono ulimtetemeka na anapajua. Nguzo za sokoni, wake. Mabomba ya kiwanda cha sabuni, wake. Mji mzima ulikuwa umeshikizwa kwa mkono wake, na kila alipoinama kutazama, mji mzima ulimwambia arobaini na moja.

"Cheti cha nini, dada yangu?" Bosi alikuwa akimwambia, kila mwaka, kwa sauti ile ile laini. "Wewe ni fundi wa mkono, siyo wa karatasi. Karatasi inaliwa na mchwa. Subira yavuta heri."

Angalia jinsi methali zinavyogawiwa duniani. Fundi akiomba chake, subira yavuta heri. Mteja akichelewa kuleta malipo, Bosi huyo huyo anashika simu: "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee!" Subira aliifungia mle ndani pamoja na mitungi ya gesi, na haikuwahi kutoka nje ya geti.

Lakini tusimtwishe Bosi mzigo wote, ingawa mabega anayo. Hakumfunga mtu kamba. Nyumbani, chini ya kitanda cha Bi Mwakani, kulikuwa na sanduku la bati lenye fomu nane za mtihani, za miaka minane tofauti. Nyingine zimejazwa hadi nusu. Moja imejazwa yote, imebaki saini.

Na kila mwaka alijiandaa! Hakuna mtu aliyejiandaa kumzidi. Alinunua daftari jipya. Alilipiga mistari kwa kalamu nyekundu na ya buluu, Jumatatu nadharia, Jumanne michoro, Jumatano mazoezi. Aliazima kitabu, akakivalisha jalada la gazeti. Alifua mapazia, maana mtu hasomi kwenye chumba chenye vumbi. Akimaliza yote hayo alijinyoosha kitandani na utamu fulani kifuani, kama mtu aliyekwisha kufaulu. Kesho yake daftari halikufunguliwa.

"Ratiba nzuri hii," Shangazi yake alisema siku moja, akiishika kwa ncha za vidole. "Ivalishe viatu, iende ikafanye mtihani."

Shangazi ndiye aliyemlea. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka thelathini, vidole vimejikunja, na akiba yake yote ya upole aliimalizia kule kwa wagonjwa.

Mwaka huo Bi Mwakani alikuwa amejiandaa kusema mwakani kama kawaida. Kisha Jumanne moja, saa nne, Bwana Sahihi akaingia karakanani bila leso. Nyuma yake mtu amebeba kreti mbili za soda.

"Jamani, zimeni mashine, njooni mnywe!" Bosi alipiga makofi. "Ndugu yetu ameula!"

Bwana Sahihi alisafisha koo. Kuanzia mwaka ujao, alisema, yeye ndiye atakuwa mtahini mkuu wa chuo. Mzee aliyepo anastaafu. Kamati imekaa, imechunguza kazi za mafundi wote wenye namba, na imemchagua yeye.

"Kazi zangu ndizo zimenibeba," alisema, chupa mkononi. "Lile tangi la hospitali wamelipiga eksirei. Eksirei! Hawakuona tundu hata la kupitisha sindano. Wakaniuliza, mwenzetu, huu mkono uliutoa wapi?"

Wanaume walicheka. Kobe, fundi mnene aliyefanya kazi kwa mwendo wa jina lake, alimtupia Bi Mwakani jicho, kisha akajifanya anasoma maandishi ya kwenye chupa.

"Na wewe, Bi Mwakani," Bwana Sahihi akageuka, meno yote nje, "safari hii usiwe na wasiwasi. Mwakani njoo. Utanikuta mimi mwenyewe."

"Nitakukuta."

"Tena nitakutahini taratibu. Kama mtu wa nyumbani."

Kila mtu alicheka tena, na yeye pia akacheka, na hicho ndicho kilichomchoma baadaye: kwamba alicheka. Akairudisha soda yake kwenye kreti. Yule mtu angempa namba ya nini? Akipata namba yake, nani atachoma mishono ya arobaini na moja? Mtahini mkuu hukaa miaka kumi. Kwa hiyo mwakani, ile mwakani aliyokuwa akiitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe, ilikuwa imechinjwa mbele yake, na yeye amekaribishwa mchuzi.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Shangazi alikuwa kizingitini anachambua mchele. Akamweleza yote kwa pumzi moja. Shangazi hakuacha kuchambua.

"Fomu zinafungwa lini?"

"Ijumaa."

"Basi?"

"Shangazi, wiki tano tu. Sijajiandaa."

"Miaka kumi na moja unajiandaa, mwanangu. Ungekuwa unajiandaa kuzaa ungeshapata wajukuu." Akapuliza makapi. "Unaogopa nini?"

"Mtihani."

"Mtihani ni neno tu. Hakuna mtu anayeogopa neno. Mimi nilipokuwa naogopa kufua, sikuogopa kufua. Niliogopa lile pipa la tatu, la mashuka ya wodi ya waliopasuliwa. Lilipopata jina, nikajua pa kushika. Haya. Pipa lako ni lipi?"

Bi Mwakani aliokota chuya moja kwenye mchele. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata yeye mwenyewe hakuwa amelisema kwa sauti.

"Mshono wa darini."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Chuma kinakuwa juu ya kichwa, wewe uko chini, unachoma ukitazama juu. Moto unakumwagikia. Mtihani una mishono mitatu: wa mezani, wa ukutani, wa darini. Ile miwili hata nikiwa usingizini. Wa darini... sijui, Shangazi. Karakanani kwetu kila kitu kinageuzwa. Kuna winchi ya mnyororo, tangi linabinuliwa, unachoma umekaa. Miaka yote sijawahi. Wao wananiita fundi wa mafundi, halafu niende mbele ya watu nitoe uji?"

"Mshono wenyewe una urefu gani?"

Akaonyesha kwa vidole. Kama shibiri moja.

Shangazi alikitazama kile kipimo muda mrefu. "Miaka kumi na moja," alisema, "unamkimbia mdudu mwenye urefu wa kisu cha mezani."

Jumatano, saa ya chakula, Bi Mwakani alikwenda chuoni na aproni yake. Karani alimpa fomu. "Unaweza kwenda nayo nyumbani, mama, uijaze kwa nafasi."

"Hapana. Nipe kalamu."

"Hakuna haraka, mpaka Ijumaa..."

"Mwanangu, nyumbani kwangu kuna makaburi ya fomu. Nipe kalamu."

Akaijaza akiwa amesimama, pale pale dirishani, watu nyuma yake wakiguna. Herufi ziliinama kama zimepigwa na upepo. Akatia saini. Mkono ulimtoka jasho kuliko siku yoyote ya kuchoma.

Kesho yake aliingia karakanani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya wenzake. Jambo la kwanza alilofikiria ni kufagia kona yake. La pili, kupanga koleo. Alishaukamata ufagio, ndipo akajishtukia: haya ndiyo mapazia yale yale. Akauegemeza ufagio ukutani. Akakibana kipande cha bamba juu ya kichwa, akaokota sakafuni vipande vya vijiti vya kuchomelea ambavyo wenzake hutupa vikibaki vifupi, akaiwasha mashine.

Mashine waliiita Bibi, na Bibi alikuwa na tabia zake. Kitufe chake cha kupimia umeme kilikuwa kinaongopa tangu zamani. Ukitaka tisini, umwekee mia na thelathini. Ukimwekea tisini anapiga chafya tu. Kila aliyefanya kazi pale alilijua hilo kwa vidole, wala hakulifikiria tena.

Mshono wa kwanza ulimwagika wote. Tone la moto lilimwingia kwenye kola, likateremka mgongoni, akaruka kama mbuzi. Alipogonga maganda na kutazama, aliona kitu kama matapishi ya paka. Akachoma mwingine. Matapishi. Akafagia ushahidi kabla ya kengele.

Alifanya hivyo siku nane, kwa siri. Siku ya tisa kulikuwa na mvua, hakwenda. Ya kumi, shingo ilikuwa inauma. Ya kumi na moja alilala mpaka kulikucha na ndani yake kukaanza kunong'onezwa ule wimbo wa zamani: basi tuanze Jumatatu, uanze na wiki, vizuri, kwa mpango. Akaamka. Ilikuwa Alhamisi, siku isiyo na heshima yoyote, siku ambayo hakuna mtu ameanza jambo. Akasema kwa sauti, peke yake chumbani, "Leo leo."

Lakini saa ya asubuhi ilikuwa imepita. Ilibaki saa ya chakula, na saa ya chakula wote wapo.

Aliyapima hayo akiwa njiani. Siku nane alikuwa amejificha, na mtu anayejificha ni rahisi kuacha, hakuna atakayemuuliza. Saa saba ilipogonga, wenzake wakakaa kwenye magogo na mabakuli yao, yeye akabana bamba juu ya kichwa mbele ya macho yote, akashusha ngao ya uso, akawasha. Cheche zikamwagika. Alipomaliza alikifungua kile kipande na kukiweka katikati yao.

Kobe aliinama kukitazama, kijiko mdomoni. "Bi Mwakani. Huu mshono au kinyesi cha kuku?"

"Cha kuku," alisema. "Kesho njoo uone cha bata."

Karakana ililipuka. Na yeye alihisi kitu cha ajabu: aibu ile aliyoikimbia miaka yote ilikuwa imekuja, imekaa, imekula, na haikumla. Ilikuwa tu na sura ya Kobe mwenye ubwabwa kidevuni.

Kuanzia hapo alichoma kila siku hadharani. Walimtania, kisha wakaanza kuweka dau, kisha, bila kujijua, wakaanza kumwekea vijiti vyao vifupi kwenye kopo badala ya kuvitupa. "Usogeze mkono karibu," mmoja alisema. "Unaufanya moto mrefu, ndiyo maana unadondoka." Wiki ya nne, uji ulianza kuganda juu. Wiki ya tano yalionekana magamba, machache, ya samaki mgonjwa, lakini magamba.

Ndipo Bosi akaja, mikono mfukoni.

"Dada yangu, umeme huu si wa mazoezi."

"Miaka kumi na moja nimechoma kabla ya kengele na baada ya kengele, Bosi. Sikuwahi kuuliza ni umeme wa nani."

Wanaume waliacha kutafuna. Bosi alitabasamu, tabasamu la mtu anayehama njia. "Sawa, sawa. Ila Jumatatu nakuhitaji. Tangi la shule. Mwalimu mkuu ananipigia kila saa."

"Jumatatu ni mtihani."

"Mtihani haukimbii. Haraka haraka haina baraka. Maliza tangi, mwakani mimi mwenyewe nitakupeleka na gari."

"Mwakani hiyo," alisema akivua glavu, "ukiihesabu vizuri, wewe umeitumia kuliko mimi. Jumatatu sipo."

"Ukikosa Jumatatu, usije na Jumanne."

"Jumanne nitakuja. Wewe ndiye utakayeamua kama unataka tangi lako lijae maji au livuje."

Aligeuka, akaenda kukusanya vijiti vyake kwenye kopo.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa na vibanda kumi na viwili vya kuchomelea, na kila kibanda mashine mpya inayong'aa namba za kijani. Maswali ya kuandika yalimalizika kabla ya saa tano. Mshono wa mezani aliuchoma huku akifikiria mambo mengine. Wa ukutani pia. Moto wa hiyo miwili uliwekwa na watu wa chuo; wa darini kila fundi alijiwekea mwenyewe. Mtahini, yule mzee anayestaafu, alipita na rula yake, akatazama, akaandika, akaendelea.

Ukafika wa darini.

Sheria ilikuwa kila mtu apewe mabamba mawili kwa kila mshono: la kwanza, na la akiba. Bi Mwakani alilibana la kwanza juu ya kichwa. Akapumua. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe, ukazungusha mpaka pale ulipozoea, akashusha ngao ya uso, akagusa chuma.

Moto ulifoka. Bamba likalia, likageuka jeupe, likafunguka. Alipoinua ngao, katikati ya mshono kulikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba, na kandokando yake chuma kinachuruzika.

Fundi wa kibanda cha jirani alichungulia, akarudisha kichwa haraka.

Mtahini alikuja. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa hatari.

"Pole, mama. Inatokea." Akashusha sauti. "Sikiliza nikusaidie. Hili la pili ukilichoma likaharibika, nitaandika 'ameshindwa', na hiyo inabaki kwenye faili lako. Ukiliacha sasa hivi, naandika 'ameahirisha'. Hakuna doa. Unarudi mwakani, unaanza upya."

Alikuwa na kalamu tayari. Na Bi Mwakani, wacha tuseme ukweli, aliyasikia maneno yale kama maji baridi. Kurudi nyumbani. Daftari jipya. Hakuna doa. Aliyatamani kwa mwili wake wote. Akatazama pembeni asimwone yule mzee usoni, na macho yake yakaangukia kwenye zile namba za kijani.

Mia na thelathini.

Alikuwa ameiwekea mashine ya watu kipimo cha Bibi! Mashine hii haikuwa inaongopa. Aliiambia mia na thelathini, nayo, kwa uaminifu wake wote, ikampa mia na thelathini, na bamba likatoboka kama karatasi. Miaka kumi na moja alizoea chombo kibovu kiasi kwamba chombo kizima kilimwangusha. Alitaka kucheka. Alitaka kulia. Kuliko vyote alikasirika, na hasira ile ilimkausha jasho.

"Andika nimeshindwa," alisema, "kama nitashindwa. Hilo la kuahirisha nimeshaandikwa miaka kumi na moja, limenitosha."

Mtahini alimtazama juu ya miwani. "Una uhakika?"

"Sina. Nipe kipande cha chuma kibovu, nijaribishe moto."

Akapewa. Hakutazama namba tena. Aligusa, akasikiliza. Mkali mno. Akapunguza, akagusa. Bado. Akapunguza tena, mpaka ikaja ile sauti anayoijua, sauti ya kitu kinachokaangwa kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, si zaidi, si pungufu. Ndipo akalibana bamba la pili juu ya kichwa, akainua mkono, akaanza.

Tone la kwanza lilimwingia kwenye kola. Akaliacha liende lilikokuwa linakwenda. Shibiri moja si mbali. Alisogeza mkono karibu kama alivyoelekezwa, moto mfupi, mfupi, gamba, gamba, na pale katikati mkono ulipotaka kutetemeka aliuambia neno ambalo halifai kuandikwa.

Vipande vilikatwa na kupelekwa kwenye mashine ya kukunja. Hapo ndipo fundi hujulikana: chuma kinakunjwa mpaka kiwe kama kwato, na mshono mbovu hupasuka kama muwa. Mashine ilisukuma. Kipande kikainama, kikainama. Mtahini akakitoa, akakiweka chini ya kioo cha kukuzia, akachukua rula.

"Kuna ufa hapa. Mdogo, ukingoni."

Bi Mwakani aliinama naye kuutazama.

"Kinachoruhusiwa ni milimita tatu." Akapima. Akapima tena. "Moja na nusu." Akaandika. "Si mzuri sana, mama."

"Najua."

"Lakini umekaa."

Wiki mbili baadaye alipewa cheti na muhuri, namba sitini na saba. Shangazi aliugonga muhuri ule mara tatu kwenye sabuni ya kufulia ili aone kama kweli unaandika. Na Bosi hakuwa amemfukuza, maana tangi la shule lilikuwa bado linamsubiri, limelala ubavu kama nyangumi.

Walilimaliza siku ya Alhamisi. Yeye alichoma nusu ya chini, Kobe nusu ya juu. Alipotoa muhuri wake na kuugonga kando ya mshono wake wa mwisho, sita, saba, mashine zote zilikuwa zimezimwa.

Bosi alikuja akitabasamu hadi masikioni. "Vizuri sana! Sasa tuongee kikubwa, dada yangu. Una namba. Ya nini tena kumwita mtu wa nje? Utakuwa unagonga wewe, kazi zote. Hawa wanachoma, wewe unagonga. Nakuwekea kiti pale ofisini, feni, chai saa nne. Umechoka, umechoma sana maishani."

Kiti kilikuwa kizuri. Alikifahamu, kina mto.

"Namba yangu inakaa kwenye mshono wangu," alisema. "Ule wa juu ni wa Kobe."

"Kobe hana namba!"

"Basi hauna namba. Mwambie hivyo mwalimu mkuu, kwamba nusu ya tangi lake imechomwa na mtu uliyekataa kumpa ruhusa ya kwenda mtihani miaka sita."

Bosi hakupoteza muda wa kubishana. Alipiga simu, na kabla ya saa kumi viatu vya kahawia vilikuwa getini. Bwana Sahihi hakumsalimia mtu. Alifungua leso, akapanda ngazi ya tangi, akatafuta mahali pa kugonga. Kobe alikuwa amesimama juu pale, ndio kwanza amemaliza kuurudia mshono wake wa mwisho, jasho linamtiririka.

"Sogea, fundi."

Kobe hakusogea. Alimtazama Bi Mwakani kule chini, ambaye hakumwashiria chochote, si kwa kichwa, si kwa jicho, maana hili halikuwa lake.

"Mwakani mimi ndiye mtahini," Bwana Sahihi alisema taratibu. "Unalikumbuka hilo?"

"Nalikumbuka."

"Basi sogea."

"Mashine ya kukunja haina ndugu, mzee," Kobe alisema. "Nitakuja. Utanikunjia mbele ya watu wote, tuone kama nitapasuka. Ila huu hugongi."

Na kwa mwendo wake ule ule wa siku zote, bila haraka hata kidogo, akavua glavu, akaweka kiganja juu ya mshono ambao ulikuwa bado wa moto, akakiacha hapo.